Saa Nne Watoto Wako Shuleni

...na kinanda chao hiki nacho, kinapanda, kinashuka, kinafika pale pa kuishia halafu kinaanza upya kama mgeni aliyeaga na bado yuko mlangoni, subiri kidogo tu mama, nakuunganisha na mtu wa ratiba, ndivyo alivyosema yule msichana, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetafuna kitu, haya, nimesubiri, sikio la kulia limeshika moto, nimehamishia simu la kushoto, nikairudisha, mtandio umeteleza mpaka mabegani na siwezi kuuinua kwa sababu mkono mmoja umeshika simu na mwingine umeshika meza ya duka kana kwamba duka litanikimbia, tulia Halimo, tulia, hupigi kwa DC, unapiga Nairobi kwenye televisheni ya watoto, kwa hao wanaojiita Vipepeo, na wao ni watu tu, wanakunywa chai na kumwagia nguo kama wewe, huyo mtu wa ratiba akija utamwambia polepole, habari ya asubuhi, mimi ni mzazi wa Machakos, naitwa Halimo, tuna duka karibu na msikiti, nina mtoto wa darasa la pili anaitwa Habon, nawaomba kipindi chenu cha Uwanja wa Herufi mkihamishe, mkiweke jioni, saa moja na nusu, kwa sababu saa nne asubuhi watoto wako shuleni... basi, ni hayo tu, mbona ni maneno machache, mbona tangu alfajiri nayazungusha mdomoni na kila nikiyafikisha mwisho naona hayatoshi, na huko nyuma ya ukuta Korane naye hanyamazi, namsikia uani na Mwangangi wa Masii aliyeleta dume la ng'ombe la kuuza, hii meno yake imeisha, anasema mume wangu, unaniletea mzee wa kanisa, na Mwangangi anacheka, aiya, mzee Korane, fungua hiyo mdomo vizuri uangalie, hii ni kijana kabisa, juzi imebomoa boma ya jirani, na dume lenyewe linapumua kwa nguvu, hakuna aliyeliuliza, na mimi hapa naambiwa nisubiri kidogo.

Kidogo chao hakiishi, lakini si neno, mwenye shida ni mimi, ila ningependa kumwona huyo mtu wa ratiba uso kwa uso, ningependa kujua kama ana mtoto hata wa kuazima, maana mtu mwenye mtoto hawezi kukaa akasema, kipindi cha kufundisha watoto kusoma tukiweke saa nne asubuhi, watoto gani hao wako nyumbani saa nne asubuhi siku ya kazi, wagonjwa, na wanaonyonya, na sasa hivi masomo ni ya bure hata yule aliyekuwa akichunga mbuzi kule Lukenya amevaa sare, shule imejaa mpaka watoto wanakaa sakafuni, Mwalimu Kamanthe mwenyewe aliniambia, mama Habon, mimi ni mmoja na hawa wamejaa kama maharagwe kwa sufuria, nikianza kusikiliza mmoja mmoja akisoma nitamaliza wakiwa na wajukuu, na nilimwelewa, sikumlaumu, ndiyo maana nikaegemea televisheni, nikasema alhamdulillahi, kuna mwalimu ndani ya sanduku, kumbe mwalimu wa ndani ya sanduku anafundisha viti vitupu, na wanarudia, eti wanarudia jioni, wanarudia saa kumi na nusu, na saa kumi na nusu Habon wangu yuko duksi, chuo cha Qur'an, amekunja miguu na loho, ubao wake wa kuandikia, mapajani, na Kilonzo wa Peris hapo jirani, wanasoma naye darasa moja, yuko na punda na madumu anapandisha maji kutoka mtoni, maana mfereji wa huku ukikohoa mara moja kwa wiki tunashukuru, na nani mwingine, watoto wa nani wanakaa kwenye kochi saa kumi na nusu wakila biskuti, labda wa huyo mtu wa ratiba, basi, Nairobi huko, halafu inafika saa moja na nusu, swala ya magharibi imepita, maji yameingia ndani, punda amefungwa, watoto wa mstari huu wote wako hapa dukani kwangu kama kuna harusi, wamenawa au hawajanawa Mungu ndiye ajuaye, macho yote kwenye kioo, na Vipepeo wanawapa nini, wanawapa majitu yanayoruka na kutema moto, mmoja anampiga mwenzake ukuta unaanguka, mwingine anafufuka, na Habon anayajua yote kwa majina, na jina la yule mbaya na jina la mjomba wake yule mbaya, saa hiyo ndiyo wangewapa herufi, saa hiyo ungewalisha hata hesabu ya kugawanya wangemeza, na ndivyo nitakavyomwambia, nitamwambia ndugu yangu, saa ambayo watoto wapo hamfundishi, na saa ambayo mnafundisha watoto hawapo, sasa kipindi ni cha nani...

Kipindi ni changu, nilicheka peke yangu siku moja nilipogundua, kipindi chote ni changu mimi, saa nne duka linatulia, wateja wa mkate wamekwisha kwenda na wa sukari hawajaja, televisheni iko pale juu ya rafu baina ya sabuni na mafuta ya kupikia, na Mwalimu Titus anaingia na tai yake fupi na fimbo yake ya kuonyeshea, na kobe wake wa kitambaa mezani, anasema, watoto wangu, hii ni herufi gani, halafu anangoja, ana adabu yule mtu, anangoja jibu kwa kweli, anainamisha kichwa, na duka zima ni mimi na magunia, basi namjibu, ningefanyaje, mtu akikuuliza na kungoja hivyo utamwachia kimya kwa uso gani, namjibu, na yeye anasema, vizuri sana, na mimi mwanamke mzima nafurahi... na nilikuwa na akili yangu, nilisema ikiwa Habon hawezi kumfikia Titus basi Titus atamfikia Habon kupitia kwangu, nikawa nakishika kipindi chote kichwani kama tulivyoshika aya tukiwa wadogo, neno kwa neno, na pale anapovuta pumzi, kobe anataka kofia, kofia hii ni kubwa, kofia ile ni ndogo, kobe anasema hapana, nikipima sukari nasema kobe anataka kofia, nikipanga mikate nasema kofia ile ni ndogo, na jioni Habon akirudi kutoka duksi namketisha mbele yangu kwenye mkeka nimsuke, kichwa chake kati ya magoti yangu, mafuta ya nazi na kitana, na hapo namsomesha, nasema, anasema, nasema, anasema, hooyo, mama, anauliza, kobe anataka kofia ya nini na yeye ana nyumba mgongoni, nikamwambia sijui mwanangu, sema tu, akasema, na anashika huyo mtoto, wallahi anashika, unamwambia mara moja la pili anakusahihisha wewe, kipindi cha wiki nzima alikitoa kwa pumzi moja na mimi sijamaliza nusu ya kichwa, na nilijisifu, niliona mimi ni mwalimu, nilimwambia hata Peris, Peris ameketi hapo nje na cherehani yake, akasema, Mama Habon wewe ni kichwa, uje umfundishie na huyu wangu, mimi huyu Kilonzo ananizeesha... na hakuna mmoja kati yetu wawili aliyeona lililokuwa mbele ya macho, kwamba mtoto amenipa kisogo, kwamba mwezi mzima nimemshika kichwa akitazama ukuta, kwamba mimi ndiye niliyeziona herufi na yeye alizisikia tu.

Bado uko kwa laini mama, ni yule msichana, niko, nimesema, niko dada yangu, sijaenda popote, sawa, bosi yuko kwa mkutano kidogo, unaweza ngoja ama upige baadaye, nitangoja, nimesema haraka mno, nimesema kama mtu anayening'inia kwa kamba, kwa sababu nikiweka simu chini sitaiinua tena, najijua, na kinanda kimerudi, na huko nje Mwangangi anasema, si uipeleke ikitembea uone, haichechemei, hiyo ni mawe ya barabara tu, na Korane anasema, zungusha, zungusha tena, yeye hanunui bila kuzungusha, huko Kithyoko sokoni wanamjua, huyu Korane atazungusha ng'ombe mpaka ng'ombe apate kizunguzungu, wakamtania hivyo mbele yangu na akacheka, ni mtu wa kucheka mume wangu, si mtu mbaya, ningekuwa na mume mbaya ningejua la kufanya, ningepiga kelele mtaa ukajaa, lakini huyu hapigi, hatukani, anasema jambo lake taratibu huku anakoroga chai, na linakuwa... na siku ile ya wazazi alivaa lile koti la kahawia, alifunga duka mwenyewe, tukakaa kwenye viti vya kuazima chini ya turubai, Peris upande huu, yeye upande huu, na watoto wakaja mmoja mmoja kusoma, Kilonzo alisoma kama anayevuta gari bovu, ng'o... ng'o... ng'ombe, a... ana... anakula, Peris akafunika uso kwa kanga akasema huyu ataniua, na mimi moyoni nikasema, ngojeni, ngojeni wangu, na Habon akaja na mtandio wake mdogo mweupe wa shule, Mwalimu Kamanthe akamfungulia kitabu, akakishika vizuri kwa mikono miwili mbele ya kifua kama anavyoshika loho, akaanza kuyumba kidogo mbele na nyuma kama duksi, na sauti ikatoka safi kama maji, kobe anataka kofia, kofia hii ni kubwa, kofia ile ni ndogo, bila kukwama, bila kupumua, na Korane akanigusa mkono, sitasahau alinigusa mkono, alifurahi, na kitabu kile picha yake ilikuwa kubwa, hata wa nyuma kabisa waliiona, ng'ombe wa madoa ameinama anakula majani, ng'ombe mzima, na mtoto wangu amemshika ng'ombe yule mbele ya watu anasoma kobe, mtu mmoja akacheka, mwingine akacheka, halafu turubai lote, Mwalimu Kamanthe akamfungulia ukurasa mwingine, nadhani alitaka kumwokoa, mvua na mwamvuli, na Habon akaendelea pale pale alipokuwa, kobe anasema hapana, na anatabasamu, anadhani wanacheka kwa sababu kobe anachekesha...

Hakujua, alijuaje, kwetu kusoma ni nini, mwalimu wa duksi anakuandikia aya kwenye loho kwa wino wa makaa, unaisoma mpaka umeishika, na ukishaishika unauosha ubao, nilikuwa nikiuosha mwenyewe nikiwa mdogo, yale maji meusi yanamwagika na huogopi kitu, kwa sababu kilichoandikwa hakiko tena kwenye ubao, kiko kifuani, huko ndiko kusoma, kuwa nacho ndani, na mtoto akapewa kitabu akakishika kama loho iliyooshwa, akatoa kilichoko kifuani, alifanya kile kile ambacho angekifanya duksi akapewa tende, na huku akachekwa, na mimi ndiye niliyempa kobe badala ya herufi, na sikumlilia mtu, nilinyoosha mtandio, nikapiga makofi, nilipiga peke yangu, Peris akaniunga mkono, Mungu ambariki Peris, tukapiga wawili kama vichaa, na Korane mikono yake ilikuwa magotini, na jioni ile akakoroga chai, akasema, huyu kichwa chake ni cha Qur'an, si cha hizi shule, nimesikia mlivyofundishana na huyo kobe wenu, hata akacheka kidogo, akasema, tusimwaibishe mtoto bure, shule ikifungwa nitampeleka Garissa kwa mama, bibi yake, ayeeyo atafurahi, atasoma Qur'an vizuri, atamsaidia ayeeyo na mbuzi, muhula mmoja tu tuone, na mimi nikasema sawa, nilisema sawa na nikamwongezea chai, na muhula mmoja naujua mimi, Kinsi, binti yangu mkubwa, dada yake Habon, alipelekwa kwa muhula mmoja, Kinsi aliyekuwa akisoma magazeti ya kufungia nyama kwa sauti mpaka wateja wanamkataza, alipelekwa kwa muhula mmoja akatoka pale siku ya kuolewa, na ayeeyo si mbaya, ayeeyo anakupa maziwa ya kwanza na kukufunika usiku, ni mtu mzuri kabisa, lakini pale asubuhi inaanza na mbuzi na inaisha na mbuzi, na mwaka unapita hakuna aliyekataza shule, hakuna aliyesema usisome, ni kwamba tu hakuna aliyekumbuka... na mwaka juzi tulipokwenda kusalimia nikampa Kinsi dawa ya kikohozi ya mwanawe, akaigeuza, akaigeuza, akaniuliza hapa panasemaje, Kinsi, aniulize mimi, mimi niliyeachia darasa la tatu, na tulikaa pale wawili na chupa kati yetu, hakuna anayejua ni kijiko kimoja au viwili.

Jirani, wamekushikia ama bado, ni Peris anachungulia dirishani na uzi mdomoni, nimemwonyesha kwa mkono, bado, si ukate upige ingine, anasema, hao watu wa Nairobi hawana haraka na mtu, nimetikisa kichwa, akasema, waambie na Kilonzo, waambie watoto wa Kikamba wanateka maji hiyo saa, usisahau, sitasahau, nenda ushone, na amekwenda, na cherehani imeanza tena, na mimi nimepoteza nilipokuwa, nilikuwa wapi, habari ya asubuhi, mimi ni mzazi, ndiyo, mtoto wangu... mtoto wangu si mzito, nitaanzia hapo, bwana wa ratiba, mtoto wangu si mzito hata kidogo, kichwa kinachoweza kushika kipindi chote kwa kusikia tu akisukwa nywele si kichwa cha kutupwa, hicho ni kichwa ambacho ungekipa kuona kingekula dunia, anachokosa ni kuona, basi, aone neno na kidole kiwe chini ya neno, na mimi niko tayari kukaa naye, nitamgeuza, nitaacha kumsuka wakati wa kusoma, tutakaa wote wawili tukitazama mbele, mimi na yeye tuanze moja, na usiniambie ni wa Qur'an si wa shule kana kwamba mtoto ana tundu moja la kupitishia, ayeeyo yake mwenyewe ana watoto wanane aliwalisha wote kwa mikono miwili, kichwa kimoja hakishindwi na vitabu viwili, na usiniambie muhula mmoja, na usiniambie tusimwaibishe, aliyeaibika ni nani, yeye alikuwa anacheka, uliyeaibika ni wewe, Korane, na koti lako...

Nimesema Korane. Nimesimama hapa na simu ya Nairobi sikioni na nimemwita mtu wa ratiba Korane, subiri, yule mtu wa ratiba amenikosea nini, hajamwona Habon, hajui kama yuko, hajasema ni mzito, hajasema Garissa, anachoweza kunipa ni saa tu, na hata akitoka kwenye mkutano wake sasa hivi akasema ndiyo mama Halimo, umesema kweli, tutahamisha, hatahamisha leo, ratiba ni ya watu wengi, atasema mwezi ujao, atasema mwaka ujao, na shule inafungwa wiki ijayo na Korane ameshamwambia Abdifatah mwenye lori ampangie nafasi mbele, sasa mimi nilidhani nini, nilidhani nikipata ndiyo ya Nairobi nitaibeba kama barua ya serikali niipeleke pale uani niseme, ona, hata Nairobi wamekubali mtoto asome, kwamba nahitaji ruhusa ya mtu wa mbali ili nizungumze na mtu aliye nyuma ya ukuta, maneno yote haya niliyoyapika tangu alfajiri, saa, na kisogo, na herufi, na punda wa Peris, nimeyapika mazuri kabisa na kuyapakia yaende kwa mgeni, kwa sababu mgeni akikataa nitaweka simu chini na kuuza sukari, na huyu akikataa nitalala naye chumba kimoja... ninaogopa, ndiyo hivyo, namwogopa mtu ambaye hajawahi kuniinulia hata sauti, naogopa ule utulivu wake na kijiko kinachozunguka kwenye kikombe, naogopa kusema sitaki halafu aniangalie kwa mshangao, kwa sababu tangu nimeolewa hajasikia neno hilo kwangu, si kwamba alinikataza, hakuna aliyenikataza, ni kwamba nilisema sawa ya kwanza na ya pili na zikawa njia, na Habon atapita kwenye njia hiyo hiyo na lori la Abdifatah, akitabasamu, akidhani anakwenda kutembea.

Hapana. Kipindi kitahamishwa, nitawapigia kesho na kesho kutwa mpaka wanijue kwa kikohozi, nitampa Peris simu apige naye kwa Kikamba chake, nitawaambia watoto wote wa mstari huu wapige, lakini hiyo ni ya kesho, na hii nyingine ni ya sasa hivi, na kinanda kinapanda tena, na mtu wa ratiba hajaja, na uani Mwangangi anasema, basi mzee, uamue, mimi niko na safari, na Korane anasema, ngoja kidogo, wacha nifikirie, anapewa nafasi ya kufikiria dume, na mimi nilipewa nafasi gani nilipomwongezea chai, nilijipa mwenyewe nafasi gani, na najua nikianza kutafuta neno zuri sitalipata, nikianza na habari ya asubuhi nitamaliza na sawa, basi nimesema bila kuanza, nimesema kwa sauti, simu bado iko sikioni, nimesema kwa sauti ninayoita nayo watoto wakitoka barabarani, Habon haendi Garissa, na cherehani ya Peris imesimama, halafu nasikia viatu vya Korane kwenye changarawe ya uani, na amesimama kwenye mlango wa nyuma, mkono wake una mate ya ng'ombe, ananiangalia mimi, anaiangalia simu, ule mshangao niliouogopa uko pale wote usoni, na unavumilika, kumbe unavumilika, Halimo, anasema, taratibu kama kawaida yake, unaongea na nani.

Na wewe, nimesema.